Taa za Shikamoo na Baiskeli ya Limi

Sisi wa Mwabulugu tulimjua Limi kwa mlio wa baiskeli yake. Ni baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, na mnyororo wake ulikuwa na tabia ya kulia kila unapozunguka. Ukiusikia asubuhi, Limi anakwenda mjini Kahama kushona. Ukiusikia magharibi, Limi anarudi. Akina mama ambao watoto wao wamechana sare walitoka nje wakamsubiri kando ya njia. Aliipokea nguo, akaigeuza upande wa ndani, akaangalia mshono, akaitia kwenye mfuko wake bila kusema mengi. Baada ya siku mbili tatu nguo ilirudi nzima.

Alizaliwa Kishapu, kwenye nyumba ya wafugaji waliolima na pamba kidogo. Limi kwa Kisukuma ni jua, na jina hilo alipewa kwa sababu alizaliwa mchana wa kiangazi kikali. Kabla hajaanza kutembea vizuri alishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yake. Baba yake alimpakia kwenye gari la ng'ombe, akamkalisha mapajani mwa mama yake, wakaenda hivyo hadi hospitali ya Kolandoto. Huko waliambiwa ni polio, kwamba miguu haitarudi lakini mtoto ataishi. Baba yake hakuwa mtu wa maneno. Inasemekana walipokaribia nyumbani alimwambia mkewe kwamba mikono mtoto anayo, basi, tumlee.

Mikono hiyo ndiyo iliyomlea. Alipokuwa msichana alikwenda kukaa na shangazi yake karibu na Kolandoto, na hapo mama mmoja aliyekuwa akitengeneza mashuka na mapazia alimfundisha cherehani. Cherehani nyingi zinataka miguu. Yule mama alimtafutia ya kuzungusha kwa mkono. Limi alijifunza kuzungusha kwa mkono wa kulia na kuongoza kitambaa kwa wa kushoto, na alipohamia Kahama, wakati mji ule ulipokuwa ukipanuka kila mwaka kwa sababu ya dhahabu, alikuwa tayari fundi anayetafutwa. Alishonea kwaya, alishonea shule, alishonea maharusi. Alipata mtoto mmoja, Noela, na mchimbaji mdogo aliyekuwa akifuata dhahabu popote inaposemekana imetoka. Mchimbaji huyo alisikia habari za machimbo ya kusini, akaenda, akaoa huko. Limi hakumfuata wala hakumsema vibaya. Alimsomesha Noela, akamwoza kwa kijana mwema wa Geita, kisha akabaki peke yake katika nyumba yake ya vyumba viwili huku Mwabulugu, pembezoni mwa mji. Wote tulimwita Mama Noela.

Jirani yake wa karibu ni Bi Zuhura, mpishi wa vitumbua, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walifika bara pamoja na wafanyabiashara wa pwani na hawakurudi tena. Bi Zuhura ndiye anayevipa vitu majina mtaani kwetu, na akishakipa kitu jina, jina hilo linashika.

Barabara yetu zamani ilikuwa ya vumbi. Baadaye wakaweka lami, ili malori ya migodini yapitie kwetu badala ya kuingia katikati ya mji, na mwaka uliofuata wakaja mafundi na nguzo. Kila nguzo ilikuwa na bamba la sola juu, taa nyeupe chini yake, na kijisanduku kidogo ambacho sisi tulikiita jicho. Tulikuwa tumezoea taa ambazo zikiwaka zimewaka mpaka asubuhi. Hizi zilikuwa za namna nyingine. Barabara ikiwa tupu zilififia, zikabaki na mwanga kama wa kaa la moto lililofunikwa majivu. Lori likitokea mbali, taa ya kwanza ilichangamka, kisha ya pili, kisha ya mbele yake, mwanga ukimtangulia dereva kama mtu anayefungua milango. Lori likishapita, zikafifia tena moja moja nyuma yake. Mafundi walitueleza kwamba ni kwa ajili ya kuyatunza mabetri, kwa sababu hakuna haja ya kumulika barabara isiyo na mtu.

Siku za mwanzo watoto hawakulala mapema. Wazee nao walikaa nje na viti vyao kuangalia. Bi Zuhura aliangalia jioni moja, akaangalia ya pili, ya tatu akasema, "Hizi ni taa za shikamoo. Mwenye gari akipita, zinasimama zinamwamkia. Sisi wa miguu tukipita, zinakaa."

Tukacheka, na toka siku hiyo zikawa taa za shikamoo.

Limi alikuwa mmoja wa waliozifurahia zaidi. Kabla ya taa alikuwa akirudi na tochi aliyoifunga kwa mpira kwenye usukani wa baiskeli, tochi ambayo ilimmulikia zaidi usoni kuliko njiani. Zilipowashwa taa aliiacha tochi nyumbani. Jioni ya kwanza alipofika penye nguzo akaona hazichangamki, alidhani ni mbovu. Akapita ya pili, ya tatu. Zote zilibaki zimefifia. Lori likaja kwa nyuma, na ghafla barabara yote ikawa mchana: aliona kokoto, aliona mbuzi wamelala kando, aliona kivuli chake mwenyewe kimerefuka mbele kisha kikazunguka nyuma yake. Lori likapita na mwanga ukaondoka nalo. Sasa macho yake, yaliyokuwa yamejaa mwanga, hayakuona kitu chochote. Alisimama akasubiri mpaka yakazoea.

Alimweleza Bi Zuhura kwamba ni afadhali giza la zamani, maana lile lilikuwa moja, mtu analizoea. Hili la sasa linakuja na kuondoka. Bi Zuhura alimshauri arudie tochi yake. Limi alisema ataitafuta, lakini msimu ule kulikuwa na kazi nyingi na hakuitafuta.

Kilichotokea kilitokea jioni moja ya mwezi wa kumi na moja, giza limeshaingia. Limi alikuwa anarudi na mfuko mkubwa wa majoho meupe ya kwaya, ameyamaliza, yanasubiri kupigwa pasi nyumbani. Lori lilimpita, taa zikachangamka, zikafifia. Safari hii alikuwa amechoka na hakusimama kungoja macho yazoee. Baiskeli ikavutwa kidogo kidogo upande wa kushoto, penye mtaro, mahali ambapo mfuniko mmoja wa zege ulikuwa umevunjika. Gurudumu la mbele likazama. Baiskeli ikapinduka, Limi akaangukia bega, na mfuko ukafunguka.

Hakuvunjika. Lakini baiskeli ilikuwa imemlalia miguuni, na mtu asiye na nguvu za miguu hawezi kuinuka hapo peke yake. Aliita. Upepo wa kuleta mvua ulikuwa unavuma kuelekea mbugani na sauti yake ikaenda huko. Juu yake ile taa ilikuwa imefifia, haioni kama kuna mtu. Baadaye alituambia kwamba hakuogopa kufa. Alichokiwaza ni joho moja lililokuwa limeangukia matopeni na Jumapili iko karibu.

Kisha akaona, mbali kule penye kona, taa moja imechangamka. Ikafuata ya pili. Mwanga ukaja nguzo kwa nguzo mpaka ukamfikia na kumfunika, na nyuma yake lori la saruji likapunguza mwendo, likapiga honi, likasimama. Akashuka mwanamume mrefu mwenye mvi kichwani. Jina lake lilikuwa Mwita, mtu wa Tarime, dereva wa miaka mingi.

"Umeumia, mama?" akauliza huku akikimbia.

"Mimi sijaumia. Okota nguo kwanza, zinachafuka."

Mwita alisimama akamtazama. Kisha akafanya kama alivyoambiwa: akaokota majoho moja moja, akayakung'uta, akayapanga kwenye mfuko, ndipo akaiinua baiskeli na kumbeba Limi hadi kwenye lori. Baiskeli akaifunga nyuma juu ya saruji.

Alimfikisha nyumbani. Tulitoka wengi, na Bi Zuhura alileta maji ya moto na kitambaa cha kukanda bega. Mwita hakuondoka haraka. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akanywa chai, akaonekana ana jambo linamsumbua. Mwisho akalisema.

"Mama Noela, mimi nimekuona kwa sababu taa ziliwaka mbele yangu. Zingekuwa zimezimika, ningekupitia. Kwa hiyo nazishukuru. Lakini wewe ulikuwa pale kabla yangu. Wewe zilikuwakia?"

"Mimi hazijawahi kuniwakia," Limi akajibu.

Alilisema hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa, bila lawama. Mwita aliweka kikombe chini. Kesho yake, badala ya kunyoosha na safari yake, alipitia kwenye kambi ya mafundi wa taa na kumweleza fundi mkuu habari yote.

Fundi huyo, Edward, alikuwa kijana bado, mpole, mwenye kofia ya njano aliyoivua kabla hajaingia kwenye nyumba ya mtu. Alikuja siku ileile. Alimwamkia Limi, akaitikiwa, akaomba aonyeshwe baiskeli. Aliizunguka, akainama, akaipima kimo kwa kiganja. Kisha akasema ukweli wake: walipozijaribu taa walitumia magari, bajaji na pikipiki. Hakuna aliyewaza baiskeli ya mikono. Lile jicho, alieleza, linatoa wimbi lisiloonekana. Wimbi likigonga kitu kinachotembea linarudi na habari. Sasa kitu kikiwa kidogo, kiko chini, na kinakwenda polepole, jicho linakichukulia kama mbwa au tawi linaloyumba, linakiacha.

"Kwa hiyo mimi ni tawi," Limi akasema.

Edward aliona haya, kisha akaona kwamba mwenyeji wake anatabasamu, naye akatabasamu. Walikubaliana wajaribu jioni hiyohiyo.

Jaribio hilo lilikuwa kama sherehe. Mtaa mzima ulijipanga kando ya barabara. Edward alipanda ngazi, akafungua kile kisanduku, akakirekebisha kione hata vitu vya polepole. Limi akapita. Taa ikachangamka, na watu wakapiga makofi. Lakini ilichangamka pia mbuzi wa Bi Zuhura walipovuka, ikachangamka mwarobaini uliposukumwa na upepo, ikachangamka paka alipopita, na ikaendelea kuchangamka hadi betri ikaisha kabla ya alfajiri. Asubuhi yake, madereva wa malori ya mapema walipita gizani na kulalamika. Edward akalazimika kurudisha kama zamani. Alikuja kumwambia Limi mwenyewe, na ilionekana imemuuma.

Limi alimkaribisha uji. Alimwambia asihuzunike, kwamba amezunguka na baiskeli ile maisha yake yote na bado hajaliwa na fisi. Lakini akamuuliza swali lililokuwa kichwani mwake toka alipoelezwa habari za lile jicho: wimbi hilo linapenda nini? Yaani katika vitu vyote likigonga nini ndipo linarudi na nguvu?

Edward alifikiri. Akasema linapenda chuma. Bati hasa, likiwa pana, na likikunjwa kona kama pembe ya sanduku lililo wazi, wimbi likiingia humo linarudi lote lilikotoka. Alisema hivyo, kikombe cha uji kikiwa mkononi, kisha akacheka peke yake kwa sababu amejijibu.

Mchana huo walikwenda kwa fundi wa mabati. Edward alichora kwa chaki, fundi akakata na kukunja, na jioni Limi akafungiwa nyuma ya kiti chake vipande vya bati vilivyounganishwa, pembe moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Kusema kweli kilikuwa kitu kibaya. Kilimkwaruza mgongoni na kilionekana kama mabaki ya ajali. Limi alikitazama kwa jicho la fundi cherehani, akauliza kama nguo inazuia wimbi. Edward akasema haizuii kabisa, linapenya. Basi Limi akachukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye gauni la harusi, cha rangi ya chungwa chenye maua, akalishonea bati gamba la kulifunika, na ndani akaweka sponji kidogo upande wa mgongo. Sasa kikawa kama kiti cha mtu mkubwa.

Jua lilipozama alitoka. Safari hii Edward hakutangaza, lakini mtaa haufichiki, tulikuwepo. Edward alikuwa amegeuza macho ya nguzo chache kidogo kuelekea ukingoni na kuyawekea kipimo cha katikati, si cha mbuzi wala si cha lori. Mbuzi walipita, taa zikakaa. Kisha ule mlio wa mnyororo ukasikika. Limi alikuwa anakuja taratibu, mikono inazunguka, uso ukitazama chini kwa mazoea ya kutafuta mashimo.

Taa ya kwanza ikachangamka. Aliinua uso. Ya pili ikachangamka kabla hajaifikia, na ya tatu mbele yake, na barabara ikafunguka nyeupe mpaka karibu na nyumba zetu. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliona Limi ameacha kuzungusha. Baiskeli ilijiendea yenyewe kidogo, ikasimama, taa zote zikimngoja. Akakaa hapo akitazama juu.

Bi Zuhura ndiye aliyemfuata. Alimkuta anafuta macho kwa ncha ya khanga. Limi alimwambia kwamba toka utotoni, kila anapofika mahali, watu hutazama anavyofika. Leo kuna kitu kimetazama kule anakokwenda. Bi Zuhura hakuwa na jina la kulipa jambo hilo, akamshika tu bega, lile zima, akatembea kando yake hadi nyumbani, na taa zikawa zinawafungulia wote wawili.

Kama mambo yangeishia hapo Edward angelala vizuri. Lakini Mwabulugu ina watu. Haukupita muda, wanaosukuma mikokoteni ya maji walikuja wanataka bati. Wenye magari ya ng'ombe, wanaorudi kutoka mnadani na magunia ya mpunga, nao walitaka. Hao walikuwa na haki, na fundi wa mabati aliwakunjia. Kisha bibi mmoja akajifunga sinia mgongoni akaenda nalo kanisani ibada ya jioni, akisema naye ana haki ya kuamkiwa. Watoto wakagundua kwamba ukikimbia na mfuniko wa sufuria taa inakuitikia, na jioni moja kila nyumba ilikosa mfuniko na kila nguzo ilikuwa inacheza. Betri zikaanza tena kuchoka. Edward akaja kwenye mkutano wa mtaa, amekunja uso, na kwa mara ya kwanza alisema kwa ukali kidogo kwamba mchezo ukiendelea wote watabaki gizani.

Wengine walinung'unika. Limi aliomba nafasi. Hakusimama, maana hasimami, lakini alisogeza baiskeli mbele na mkutano ukanyamaza. Alisema taa hizi zinatutosha wote kama kila mmoja atachukua haja yake tu. Mwenye gurudumu na mzigo, afungiwe bati. Mwenye miguu mizima, na macho, na mwezi juu, amshukuru Mungu na atembee. Yeye mwenyewe atawashonea wenye mabati magamba ya kitenge cha rangi moja, ili kila mtu ajue nani ni nani. Yule bibi wa sinia aliuliza kama yeye yumo. Limi akasema bibi ana jicho moja tu linaloona, kwa hiyo yumo, ila aache sinia, atashonewa kitu chepesi cha kuvaa. Mkutano ukacheka na ukakubali. Watoto walinyang'anywa mifuniko.

Edward alipeleka habari hizo kwa wakubwa wake. Ilichukua muda kama inavyochukua, lakini waliitikia: mtaro ukawekewa mifuniko mipya, na kile kipimo cha katikati kikawekwa kwenye nguzo zote za barabara yetu. Siku ya kuhamia kazi nyingine alikuja kuaga, na Limi alimpa shati alilomshonea. Lilimkaa vizuri, ingawa hakuwahi kumpima.

Sasa nirudi kwa Mwita, maana sijammaliza.

Mwita alikuwa akipita kila wiki na mzigo, na kila wiki alisimama. Mara ya kwanza alikuja kuulizia bega. Mara ya pili alileta kava la kiti cha lori, limechanika, linahitaji kushonwa. Limi akalishona. Wiki iliyofuata akaleta kava la kiti cha pili, limechanika vilevile. Kisha la kwanza likachanika tena. Bi Zuhura, ambaye hakuna kinachompita, alilitandaza kava hilo mkekani, akapitisha kidole, akamtazama Limi. Limi alikwisha kuona zamani. Kitambaa kikichakaa kinaachia nyuzi taratibu. Kile kilikuwa kimekatwa kwa kisu, mstari umenyooka kama rula. Aliona toka lile la pili. Alishona tu.

Alikuwa mgane, Mwita, watoto wake wamekuwa wakubwa, na alikuwa mtu wa kuchekesha asiyejua kwamba anachekesha. Alisimulia habari za barabara ya kwenda Geita kana kwamba lori lake ni ng'ombe mkaidi. Limi alipomcheka, alishangaa, kisha akaendelea kwa bidii zaidi. Mchana mmoja, Limi akiwa anazungusha cherehani, alikaa kwenye benchi la wateja akiwa na kava mapajani, akaligeuza, akaliweka pembeni.

"Mama Noela," akasema, "nimechoka kuchana makava."

"Na mimi nimechoka kuyashona," Limi akajibu, bila kuacha kuzungusha.

"Basi tufanyeje?"

Limi akasimamisha cherehani. Alimwambia kwamba yeye ana mtu mmoja tu wa kumuuliza, na mtu huyo yuko Geita.

Ndiyo maana, mwanzoni mwa kiangazi, tulimwona Limi amepanda lori. Mwita alimbeba akamkalisha kwenye kiti chenye kava lililoshonwa mara nyingi kuliko joho la padri, na Bi Zuhura akampa vitumbua vya njiani. Walikwenda mchana. Limi alisema hakuwahi kukaa juu kiasi hicho. Aliona mashamba ya mpunga yaliyovunwa, ng'ombe wakiwa wadogo chini yake, vilima vya mawe, na vijana wa machimbo wamepanda pikipiki wamebebana na mifuko ya mchanga. Waliongea njia nzima.

Noela alitoka nje akiwa na tumbo kubwa la ujauzito, akamwamkia mgeni, akamwonyesha kiti kivulini. Kisha akamwingiza mama yake ndani na kufunga mlango.

"Mama, huyu mzee anakutakia nini?"

"Kunioa."

"Na wewe unamtakia nini?"

Limi alisema kwamba siku alipoanguka, alimwomba mtu huyu aokote nguo kwanza, na aliokota nguo kwanza. Wengi wangembeba yeye kama gunia wakidhani wanamsaidia, wakaacha kazi yake matopeni. Noela alichezea kitasa cha mlango. Akauliza jambo moja tu, kama anamchekesha. Limi akasema anamchekesha mpaka uzi unakatika.

"Haya, mama," Noela akasema, akafungua mlango.

Siku hiyo walikula sato na ugali wa muhogo. Baada ya kula Mwita aliinuka akakusanya vyombo ili avioshe, Noela akamzuia, Mwita akasema kwao mgeni akishakula mara moja si mgeni, na wawili hao wakavutania sinia pale uani hadi mume wa Noela akaja kuamua. Limi alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta. Alimwomba Noela amletee kitambaa chochote laini alichonacho ndani ya nyumba, maana mtoto angezaliwa karibuni na hakukuwa na hata fulana moja iliyoshonwa.